Ofa yako ya nyumba England imekubaliwa? Usipike biriani bado

Watu wetu wengi wakianza kununua nyumba huku England kuna kitu hawakiamini mpaka kiwakute. Ajenti kakupigia, kakwambia hongera ofa imekubaliwa, wewe ushatuma picha za jiko kwenye grupu la familia, mama Tanga kashasoma dua, na kumbe kisheria hujashika kitu chochote. Mwenye nyumba akiamka kesho akakuta mtu kaongeza paundi elfu nane juu ya yako anaweza kukuacha kwenye mataa na huna pa kumshtaki. Hiyo ndo gazumping, na huku tushazoea kusema tu fulani kagazampiwa.

Chanzo chake ni sheria ya mwaka 1989, kifungu cha 2, ambayo inataka mkataba wa kuuza nyumba England na Wales uwe wa maandishi, masharti yote yawe ndani, na pande zote mbili zisaini. Ofa ya kwenye simu haimo humo, ya imeili haimo, na hata ile memorandamu ya mauzo ambayo ajenti anawatumia wanasheria wote wawili haimo. Mnafungana siku wanasheria wanapobadilishana mikataba iliyosainiwa, na siku hiyo ndo unatoa dipositi, kwa kawaida asilimia 10 ya bei. Tangu ofa ikubaliwe mpaka siku hiyo zinaweza kupita wiki 8, wiki 12, wengine miezi mitano, na muda wote huo mlango uko wazi kwa mwenye dau kubwa.

Kwa mtu aliyezoea mambo ya nyumbani inachanganya, maana kwetu mkikubaliana unatoa arbuni, mnaandikishana mbele ya mwenyekiti wa mtaa na mashahidi, na akitokea mwenye hela zaidi angalau una karatasi ya kugombania. Huku kwa nyumba ya kawaida ya mtu binafsi arbuni hakuna. Na ajenti, hata awe mchangamfu vipi, analipwa na muuzaji na kazi yake ni kumtafutia muuzaji bei. Ofa yoyote ikiingia anatakiwa kisheria aifikishe kwa muuzaji haraka na kwa maandishi, labda muuzaji mwenyewe awe amemwandikia kwamba asiletewe tena. Hiyo labda uishike vizuri kichwani, tutairudia.

Kwahiyo dawa yake ni moja, kufupisha huo muda, na kufupisha kunaanza kabla hata hujaenda kuangalia nyumba.

Makaratasi kwanza, nyumba baadae

Barua ya benki ya awali, ile inayosema tunaweza kukukopesha kiasi fulani, kila mtu anaijua. Ichukue, iwe haijaisha muda, basi. Wengi wanafanya kazi za kea, yaani kutunza wazee na wagonjwa, na masaa ya ziada, sasa jua kwamba benki nyingine zinahesabu sehemu tu ya hayo masaa ya ziada, na kama uko kwenye visa baadhi ya benki zinataka dipositi kubwa zaidi, ndo maana broka mzuri wa mikopo anayejua kesi za watu kama sisi anakuokolea wiki kadhaa. Kama unachukua ule mpango wa nyumba usio na riba wa benki za Kiislamu, tafuta mwanasheria ambaye ashawahi kuufanya, kwasababu benki inaingia kwenye umiliki na makaratasi yanakuwa mengi, na mwanasheria anayejifunzia kwako atakuchelewesha mpaka muuzaji achoke.

Lakini pale tunapokwama hasa sio benki, ni pale mwanasheria anapouliza hii dipositi imetoka wapi. Wanasheria wa huku wanabanwa na sheria za utakatishaji fedha, wanataka stetimenti za miezi kadhaa na kila kiasi kikubwa kilichoingia kiwe na maelezo. Sasa angalia hela zetu zinavyoingia. Elfu nne za upatu, zamu yako imefika, kijumbe kakupa keshi kwenye bahasha baada ya harusi ya mtu Leicester, Jumatatu umeenda benki ukaziweka. Elfu sita kaka yako Nairobi kakutumia kwa awamu tatu kwa kampuni mbili tofauti za kutuma pesa. Elfu kumi za kiwanja ulichouza Mkuranga. Zote halali, jasho lako, lakini kwa mtu anayesoma stetimenti ofisini kwake zinaonekana vibaya sana, na atakuuliza maswali wiki tatu huku ajenti anamwambia muuzaji "mnunuzi wetu bado hajaeleweka", na huo ndo wakati ofa ya mtu mwingine inapokelewa kwa mikono miwili.

Yamalize haya mapema. Zamu ya upatu omba ilipwe benki kwa benki na wenzako waandike neno la kueleweka kwenye malipo, na orodha ya wanachama na zamu zao uwe nayo, hata kama ni ya daftari ipige picha. Hela ya ndugu iwe na barua ya zawadi, inayosema ni zawadi, hairudishwi, na mtoaji hadai sehemu ya nyumba, pamoja na kitambulisho chake na stetimenti yake yeye inayoonyesha alikuwa nayo. Hapa ongea na ndugu yako mapema kwa heshima, kwasababu kaka mkubwa hatafurahi kuombwa stetimenti ghafla na mdogo wake aliyemsaidia. Kiwanja ulichouza, mkataba wa mauziano uwepo na kama ni wa Kiswahili utafsiriwe kabisa. Weka vyote kwenye folda moja kwenye simu, na mwanasheria umchague sasa hivi, umpe hivyo vitu avikague kabla hujapata nyumba. Wengi wanachagua mwanasheria baada ya ofa, hapo ushapoteza siku kumi kwenye fomu tu.

Na ujue kodi yako kabla ya kupiga hesabu ya juu kabisa unayoweza kufika. Ule unafuu wa ushuru wa stempu, yaani kodi ya kununua nyumba, kwa mnunuzi wa mara ya kwanza unaangalia dunia nzima, sio Uingereza tu. Kama una nyumba Kigamboni au Kitengela, hata uliyorithi, wewe sio mnunuzi wa mara ya kwanza. Na kama nyumba hiyo bado ni yako na thamani yake inafika paundi 40,000, kuna nyongeza ya asilimia 5 juu ya bei yote, ilikuwa asilimia 3 mpaka mwisho wa Oktoba 2024. Kiwanja kitupu hakihesabiki. Chukua nyumba ya 310,000 England kwa viwango vilivyoanza Aprili 2025: mnunuzi wa mara ya kwanza analipa ushuru wa 500, mwenye nyumba yake Kigamboni analipa 21,000. Watu wanagundua hili wakiwa wiki ya saba, jamani.

Siku ofa inapokubaliwa

Siku hiyo hiyo, usingoje kesho, mwandikie ajenti imeili. Sio simu, imeili. Omba vitu vitatu kwa wakati mmoja: nyumba itolewe kwenye tovuti za kuuzia nyumba za Rightmove na Zoopla au angalau iwekwe alama kwamba imeshauzwa kwa kusubiri mkataba, watu waliopanga kuja kuiangalia wasitishwe, na muuzaji amwandikie ajenti kwamba hataki kuletewa ofa nyingine kwa muda fulani. Hiki cha tatu ndo ile labda ya mwanzo. Wengi hawakiombi kwasababu hawajui kipo. Muuzaji anaweza kukataa, lakini hata akikataa ushajifunza kitu kuhusu muuzaji wako.

Vizuri zaidi hivi vitu uviweke kama sharti wakati unatoa ofa yenyewe, yaani natoa 310,000 kwa sharti kwamba ikikubaliwa nyumba inatoka sokoni. Kitu kama hiki, kwa Kiingereza chako:

"Ofa yangu ni 310,000. Sina nyumba ya kuuza kwanza, kwahiyo hakuna cheni ya kusubiriana upande wangu. Barua ya benki na uthibitisho wa dipositi nimeviambatanisha, mwanasheria wangu ashakagua chanzo cha fedha na yuko tayari kuanza leo. Mkaguzi anaweza kuja wiki hii. Nalenga kubadilishana mikataba ndani ya wiki sita. Naomba nyumba itolewe sokoni ofa ikikubaliwa."

Muuzaji akisoma hiyo anaona mtu aliyejipanga. Kuna wauzaji ambao mnunuzi wa kwanza aliwakimbia dakika za mwisho, hao mtu wa uhakika wanampenda kuliko elfu mbili za ziada.

Halafu siku hiyo hiyo mwambie mwanasheria aagize zile tafuta (searches), yaani taarifa rasmi kuhusu nyumba, za halmashauri, maji na mazingira. Kuna halmashauri zinajibu kwa siku chache na nyingine zinachukua wiki na wiki, hapo huna la kufanya zaidi ya kuagiza mapema. Sevei, yaani ukaguzi wa hali ya nyumba, ipange wiki hiyo hiyo, na usichanganye tathmini ya benki na sevei, ile ya benki ni ya kuwalinda wao. Ada ya sevei ni mamia ya paundi, inauma ukigazampiwa baadae, ndo maana kuna bima ya mnunuzi ambayo inarudisha gharama za mwanasheria, sevei na tathmini mauzo yakivunjika bila kosa lako. Ila lazima uikate mapema, ofa ikikubaliwa tu au ndani ya siku chache, na usome vizuri kama gazumping imo. Wanasheria wengine wana utaratibu wa nyumba ikikosekana hulipi ada yao, nao uliza, ila zile tafuta utalipa tu.

Kila Ijumaa mpigie mwanasheria, halafu mpigie ajenti. Kwa adabu, dakika tano. Watu wetu tuna aibu ya kusumbua watu, tunasema ngoja wanafanya kazi yao, na faili letu linakaa chini ya mafaili mengine hamsini. Sumbua. Uliza kitu kimoja chenye jina: "Maswali uliyowapelekea upande wa muuzaji yamejibiwa mangapi?" Ukiuliza tu vipi inaendeleaje utajibiwa inaendelea vizuri.

Na muuzaji ukikutana nae wakati wa kuangalia nyumba mara ya pili, ongea nae kama binadamu, ulizia majirani, ulizia bustani. Mzee aliyelea wanawe kwenye ile nyumba miaka thelathini huwa anajali nani anaingia. Haikulindi kisheria, lakini anayekujua jina anaona haya kidogo kukuruka.

Mkataba wa kufungia wengine nje

Kuna karatasi ambayo wachache wanaiomba, makubaliano ya upekee. Muuzaji anakubali kwamba kwa muda uliowekwa, tuseme wiki nne, hatazungumza na mnunuzi mwingine, na wewe unaahidi kuharakisha vitu fulani. Haimlazimishi kukuuzia, inamlazimisha asiuze kwa mwingine ndani ya huo muda, na akivunja unaweza kumdai gharama zako. Mahakama za huku zishaikubali, kuna kesi ya 1993, Pitt v PHH Asset Management, nyumba ya Suffolk, muuzaji aliahidi wiki mbili asiongee na mwingine halafu akauza kwa mwenye dau kubwa, na Mahakama ya Rufaa ikasema ahadi ile ilikuwa na nguvu ya mkataba. Lakini iwe na tarehe ya mwisho, na wewe uwe umeahidi kitu upande wako. Ile ya "tuendelee kuongea kwa nia njema" bila tarehe haina meno, na hilo lilishaamuliwa na mahakama ya juu 1992 kwenye Walford v Miles.

Iandikwe na mwanasheria, itakugharimu, na usiruhusu ichukue wiki mbili kuandikwa maana hapo umejipiga mwenyewe. Mimi naona inafaa kwa nyumba ambayo iligombaniwa na watu watano wakati wa ofa. Kwa nyumba iliyokaa sokoni miezi sita bila mtu, hela hiyo nunulia bima.

Kama haya yote yanakuchosha, kuna njia ambazo gazumping ni ngumu kutokea. Scotland ofa zinapita kwa mwanasheria na mnafungana kwa barua mapema, na mwanasheria wa muuzaji aliyeshakubali ofa yako kwa kanuni zao hatakiwi kumshughulikia muuzaji huyo akitaka kuruka kwa mwingine. Nyumba mpya za kampuni unalipa ada ya kushikilia na kwa muda huo hawamuuzii mtu mwingine. Mnada wa kawaida nyundo ikigonga umenunua, asilimia 10 siku hiyo hiyo, ila uwe umesoma makaratasi yote kabla, maana huwezi kurudi nyuma. Serikali nayo Oktoba 2025 ilileta mapendekezo ya kufanya watu wafungane mapema, lakini kwenye nyumba unayonunua leo usiyategemee.

Simu ikishakuja

Sasa ajenti anapiga. Sauti imebadilika, anakwambia "kuna ofa nyingine imeingia, ni kubwa kuliko yako, muuzaji anaifikiria". Usiongeze hela kwenye hiyo simu. Hata kama moyo unadunda, mwambie asante, niandikie kwa imeili, nitakujibu kesho kabla ya saa sita mchana. Kwenye imeili muulize: muuzaji ameshaikubali au bado, huyo mnunuzi ana cheni, ana keshi au mkopo, na ana mwanasheria tayari? Kiasi chenyewe wanaweza wasikuambie, ila kutunga ofa ambayo haipo ni kosa kisheria, na ukiuliza kwa maandishi anayedanganya huwa analegea. Vilevile hawaruhusiwi kukubagua kwasababu hukuchukua mkopo kupitia mtu wao. Ukiwa na ushahidi wa mambo kama hayo lalamika kwa kampuni yenyewe, wasipokujibu vizuri ndani ya wiki nane unapeleka kwenye skimu ya malalamiko waliyojiunga nayo, kila ajenti lazima awe kwenye mojawapo. Kugazampiwa kwenyewe lakini sio lalamiko, hapo utajichosha bure.

Dakika hiyo hiyo mwambie mwanasheria asimamishe kazi zinazolipiwa mpaka umjulishe.

Halafu kaa chini na kalamu, ikiwezekana na mwenzako, sio na grupu la familia. Swali sio ninaitaka kiasi gani hii nyumba, hilo jibu tunalijua. Swali ni hela ya nyongeza inatoka wapi. Tuseme ulikubaliwa 310,000, dipositi 31,000, benki inatoa 279,000 na imeshaitathmini nyumba kwa 310,000. Mwenzako kaweka 318,000 na wewe unataka kumfikia. Benki inakopesha kwa thamani iliyoiona yenyewe, kwahiyo wanaweza kukwambia yetu ni 279,000 ile ile, na zile 8,000 zote zinatoka mfukoni kwako, dipositi imekuwa 39,000. Ushuru wa stempu nao unapanda, kwa wa mara ya kwanza kutoka 500 mpaka 900, kwa yule wa Kigamboni mpaka 21,800. Kama hizo hela maana yake ni kukopa upatu wa watu au kuhamia nyumba isiyo na kitanda, acha iende.

Kabla ya kuacha jaribu kitu kimoja. Usipandishe bei, pandisha uhakika. Wiki ya sita sevei imeshafanyika, tafuta zimerudi, mkopo umetoka, mwandikie ajenti afikishe kwa muuzaji kwamba uko tayari kubadilishana mikataba ndani ya siku kumi kwa bei ile ile, wakati huyo mpya anaanza moja na atachukua miezi miwili mitatu na anaweza kukimbia njiani. Kama una elfu mbili za kuongeza, ziambatanishe na tarehe, yaani nakupa 312,000 tukibadilishana mikataba kabla ya tarehe 20, baada ya hapo ofa inarudi ilipokuwa. Ukiongeza bila tarehe umefungua mnada, wiki ijayo watakupigia tena.

Wakikataa, andika imeili fupi ya heshima kwamba ofa yako ya mwisho bado iko mezani na wakikwama wakupigie, halafu endelea kutafuta nyumba nyingine wiki hiyo hiyo. Muulize broka kama maombi yako ya mkopo yanaweza kuhamishiwa nyumba nyingine bila kuanza upya, benki nyingi zinakubali ingawa tathmini mpya itahitajika. Kale kafolda kako kabaki kama kalivyo, stetimenti tu ziongeze kila mwezi.

Simu ya kurudi inakuja mara nyingi kuliko watu wanavyodhani, kwasababu aliyeweka dau kubwa kwa pupa anapata sevei yake, anaona unyevunyevu ukutani au paa, au benki yake inasema nyumba haifiki hiyo bei, anakimbia. Ajenti atakupigia kwa sauti ile ya mwanzo kabisa. Usiseme ndio hapo hapo. Muulize huyo mnunuzi alikimbia kwanini, na mwandikie mkaguzi wako wewe kumuuliza kama aliliona hilo jambo. Kama ni la kweli bei inashuka chini ya 310,000, sio kurudi pale pale, na safari hii omba lile agizo la kutoletewa ofa nyingine liwe limeshatumwa kwa ajenti kabla hujamlipa mwanasheria senti ya pili.